Samaki wa Bwana Meneja na Vyungu vya Bonareri

Mpendwa Shangazi Elmina,

Naomba msaada, lakini kwanza naomba usinicheke mpaka ufike mwisho, na jina langu usilichape gazetini, wala la mke wangu, kwa sababu mimi ni mtu wa heshima katika mashamba ya chai huku Kericho, upande wa Kabianga, na ni mzee wa kanisa, na watu wakisikia kwamba nimemwandikia mama wa gazeti habari za samaki sijui nitapita wapi.

Kazi yangu ni nyapara wa mbu. Tangu mwaka wa sitini na nne, miaka tisa sasa, kila asubuhi navaa buti za mpira, nabeba daftari na kopo la mafuta machafu ya kuua mbu majini, napita laini zote, yaani nyumba za wachuma chai, nikiangalia nyuma ya kila jiko kama kuna maji yamesimama, na nikiyaona nayamwaga, iwe mkebe, iwe tairi, iwe chungu kilichopasuka, hata ganda la yai silisamehe, na nikikuta viluwiluwi, wale watoto wa mbu wanaojinyonganyonga majini, naandika jina la mwenye nyumba, na aliyeandikwa mara tatu katika mwaka anatolewa kwenye nyumba, na huku kwetu ukitoka kwenye nyumba ya kampuni na kazi imetoka pia. Si kujisifu, lakini hakuna mtu Kericho nzima anayemjua mbu kama mimi. Najua kwamba yai linakaa majini siku mbili tatu ndipo kiluwiluwi atoke, na kwa baridi hii yetu anakaa kama wiki mbili ndipo aruke, kwa hiyo ukipita kila wiki na ukamwaga kila kitu, mbu hazaliwi.

Sasa utauliza samaki anaingiaje hapo. Mwezi wa tatu Bwana Meneja alikwenda likizo kwao Uingereza, miezi minne, na siku mbili kabla ya kuondoka aliniita kwenye veranda yake, akanionyesha tangi dogo la kioo, kama nusu ya debe hivi, limewekwa mchanga chini na majani yamepandwa humo humo ndani ya maji kama bustani, na katikati ya majani kuna samaki mmoja tu, mwekundu, hazidi kidole changu, na mapezi yake marefu yanapepea kama leso iliyoanikwa. Alisema ametoka nchi ya Siam na kwamba ni mkali, akiwekwa na dume mwenzake watapigana mpaka mmoja afe. Mpishi wake alikuwa amekataa kubaki naye, kwa sababu kwao samaki si chakula na si rafiki. Basi Bwana Meneja akanipiga bega akasema, "Wewe mutu ya ziwa. Wewe najua samaki yote. Mimi rudi kuta yeye zima, wewe iko saidia Bwana Afya."

Shangazi, nitakuambia ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu huku. Kwetu ni juu vilimani, ziwa tunaliona kwa mbali siku ikiwa safi, na samaki niliowajua mimi maishani walikuwa wamekwisha kaushwa tayari. Lakini watu wote huku wanajua kwamba mimi ni mtu wa ziwa, hata mimi nilikuwa nimekwisha kuamini, na nafasi ya kuwa msaidizi wa Bwana Afya, mkubwa wetu wa mambo ya afya hapa shambani, inakuja na baiskeli na buti mpya, basi nikasema, "Ndiyo, Bwana, samaki ni ndugu zetu," nikalibeba tangi kichwani mpaka nyumbani.

Aliniachia kikopo cha chakula kikavu na karatasi iliyosema punje tatu kwa siku. Mke wangu aliponisikia nikiisoma alikasirika. "Punje tatu? Mgeni wa nani analala na punje tatu kwa nyumba yangu? Watu watasema nini?" Akampa kijiko. Na huyo samaki alikuwa maarufu, Shangazi, jioni watu walikuja kumwangalia kama maiti wa chifu, na kila mgeni alimtupia kidogo kwa sababu ni adabu mbaya kumtazama mtu ana njaa, na kabla ya Pasaka kikopo cha miezi minne kilikuwa kimekwisha na maji yamekuwa kama uji. Samaki akalala upande. Nikabadilisha maji, nikamweka karibu na ukuta wa jiko apate joto, mke wangu akamwekea kioo chake cha kujitazama eti asiwe mpweke, naye samaki akajiona, akavimba mashavu, akapigana na kile kioo siku mbili bila kupumzika. Tukaondoa kioo.

Akapona, lakini chakula hakuna. Nilimpa ugali, akautema. Nilimpa omena, wale dagaa wa ziwa, wa kusaga, akageuka. Kiini cha yai akakiangalia kama mtu anayeangalia barua ya wito wa mahakama. Halafu asubuhi moja nilikuwa nimetoka kumwaga maji ya mkebe mmoja kando ya barabara, kiluwiluwi mmoja akabaki kwenye huo mkebe, nikampelekea samaki, nikasema hebu. Shangazi, huyo samaki aliruka! Akameza, akazunguka tangi lote, akanitazama. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Tatizo ni kwamba kazi yangu nimeifanya vizuri mno. Nilizunguka laini nzima siku tatu nikitafuta viluwiluwi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimewamaliza. Ndipo nikakata pipa katikati, nikaliweka nyuma ya jiko langu, nikatia maji na majani yaliyooza kidogo, na juu nikafunika na mabati ya zamani, si kufunika sana, nafasi kidogo ya mbu kuingia, na kuanzia hapo samaki alishiba kila siku, rangi yake ikarudi, hata akaanza kutengeneza povu juu ya maji kati ya majani, mke wangu akadhani anatapika, lakini karatasi ya Bwana Meneja ilisema hiyo ni dalili ya furaha. Wakubwa kweli wako na mambo. Lile pipa liko hatua sita kutoka mlango wa jirani yangu Bonareri, ambaye ni mchuma chai na anakaa na mtoto wake Kemuma wa miaka minne.

Mwanzo wa mwezi huu Kemuma akapata homa. Alichukuliwa hospitali akitetemeka na macho yamegeuka, alikaa huko siku tano, sasa amerudi lakini hatembei vizuri, anakaa tu mlangoni. Bwana Afya, mzee Kipsang, akaja kwangu akasema, "Nyapara, hii homa haikutoka mbinguni. Nataka jina kesho." Sasa ilikuwa wiki nzima hakujanyesha, jambo ambalo kwa Kericho ni la kutangazwa kwenye redio, kila kitu kimekauka, halafu Jumatatu jioni mvua ikapiga, na Jumanne asubuhi nilipopita nikakuta chungu cha Bonareri cha kupasuka kina maji nusu, nikaandika, chungu, viluwiluwi, Bonareri. Alikuwa amekwisha andikwa mara mbili mwezi wa kwanza kwa ajili ya mikebe, kwa hiyo hiyo ikawa ya tatu, na ameambiwa atoke mwisho wa mwezi.

Mimi sikujua kwamba atalichukulia hivi. Ukuta wetu ni mmoja, nasikia kila kitu. Jioni ile alikuwa anamwambia dada yake, "Ni mimi nimegonjesha mtoto wangu. Ni chungu yangu." Asubuhi akatoa vyungu vyake vyote nje akavivunja na jembe, hata vile vizima, hata kimoja kikubwa alichopewa na mama yake alipotoka kwao Kisii, na sasa anapika na sufuria ya kuazima kwetu. Mke wangu ndiye anapeleka uji kwa mtoto. Juzi alirudi na kikombe, akasimama mbele ya tangi, akaniambia, "Baba, hii samaki yako inakula mtoto ya wenyewe," na tangu siku hiyo haongei na mimi, wala na samaki, na amesema Jumapili ya mwisho wa mwezi atasimama kanisani atoe ushuhuda.

Shangazi, hata hatujui kama ni mbu wa pipa langu. Mbu ni wengi duniani. Na Bwana Meneja anarudi mwezi ujao. Kwa hiyo maswali yangu ni mawili: nimpe samaki chakula gani kingine ambacho atakubali, na nimwambie mke wangu maneno gani ili anyamaze mpaka Bwana Meneja afike?

Ni mimi,
Mtu wa Ziwa, Kericho.

SHANGAZI ELMINA ANAJIBU:

Mtu wa Ziwa,

Uliniomba nisicheke mpaka nifike mwisho. Nisamehe, nilicheka kwenye kijiko cha mke wako, nikacheka tena kwenye kioo. Nilipofika kwenye vyungu niliiweka barua yako mezani nikaenda kuchemsha chai, na hiyo chai sikuinywa.

Umeniuliza maswali mawili. La tatu umelificha nyuma ya jiko na ukalifunika na mabati, si kufunika sana.

Tuanze na samaki, kwa sababu yeye hana kosa. Mtoto huyo wa Siam amewekwa kwenye nusu debe, akalishwa kama bwana harusi, akapiganishwa na sura yake mwenyewe, na bado anakutengenezea povu la furaha. Tumbo la samaki wa namna hiyo, nimeambiwa na mwalimu mmoja anayefuga, halizidi jicho lake. Punje tatu zilikuwa karamu. Chimba kwenye lundo la majani yaliyooza, utapata minyoo wembamba wa udongo. Waoshe, umkatekate mmoja wao vipande vidogo, umpe samaki viwili asubuhi, basi. Akikataa leo, kesho atakubali; siku mbili za njaa hazitamuua, na wewe hazikuwahi kukuua. Maji usiyabadilishe yote kwa mara moja, toa robo, tia robo iliyokaa ndani ya nyumba ikapoteza baridi. Majani yake yaache yalivyo. Na wageni wakija, wape chai wao, waache yeye.

Hayo ndiyo uliyotaka. Sasa sikiliza yale ambayo hukuyataka.

Pipa ulimwage leo. Usisubiri umalize kusoma. Weka karatasi hii chini, nenda, mwaga kwenye udongo mkavu, ligeuze, kisha urudi. Umerudi? Vizuri. Miaka tisa umewaonyesha watu kazi hiyo, nami nimefurahi kukuona ukiifanya kwako.

Unasema hatujui kama mbu alitoka kwenye pipa lako. Kweli, mimi sijui. Mbu havai namba. Lakini kuna jambo moja tunalijua wote wawili, kwa sababu wewe mwenyewe umenifundisha. Umesema yai hukaa majini siku mbili tatu ndipo kiluwiluwi atoke. Umesema wiki nzima kila kitu kilikuwa kikavu. Mvua ikanyesha Jumatatu jioni, na Jumanne asubuhi ukaandika viluwiluwi kwenye chungu cha Bonareri. Hao viluwiluwi, baba, walizaliwa usiku mmoja? Au walizaliwa kwenye kalamu yako? Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako haikufika hata kwenye ukurasa wa pili.

Na hata wangekuwamo, bado umenieleza kwamba huchukua kama wiki mbili kabla ya kuruka. Mtoto alikwisha ugua, akalazwa, na chungu kile kikiwa kikavu kama mfupa. Hakuna mtu Kericho nzima anayejua hayo kuliko wewe. Ndiyo maana sikuonei huruma kama ninavyowaonea wajinga. Mjinga angeandika chungu kile kwa kutojua. Wewe umekiandika ukijua.

Lakini sitakuita mtu mbaya, kwa sababu mtu mbaya hasikilizi ukuta. Wewe umesikiliza, na kilichokufanya uniandikie si samaki. Ulipewa sifa isiyo yako, ukaona haya kuirudisha. Walikuita mtu wa ziwa nawe hujui kuogelea, nikisia vizuri. Hapo ndipo ulipoanza kumwagilia uongo, na sasa umemfikia mama ambaye anaamini kwa mikono yake mwenyewe amemtia mtoto wake kaburini nusu. Nimekasirika, nakuambia wazi. Nimezaa watoto watano na nikamzika mmoja. Mtu yeyote angeniambia kwamba kosa lilikuwa langu, na akajua si kweli, nisingemsahau mpaka leo.

Kwa hiyo utakwenda kwa Bonareri. Si kwa Bwana Afya kwanza, kwa Bonareri. Mchana, watu wakiwepo, na mke wako awe kando yako, kwa maana kati yenu yeye ndiye mwenye sura ya kutazamika kwenye mlango huo. Utamwambia maneno haya, na usiyapambe: "Chungu chako hakikuwa na kitu. Niliandika uongo. Mimi nilikuwa na pipa." Kisha unyamaze. Akikutukana, pokea. Akilia, usimwambie asilie. Usianze habari ya Siam wala ya likizo ya Bwana Meneja. Mama mwenye mtoto asiyeweza kutembea hatua kumi hana nafasi ya hadithi ya mapezi.

Ukitoka hapo, siku hiyo hiyo, chukua daftari uende kwa Bwana Afya. Mwambie aliyokwisha ambiwa Bonareri, afute mwandiko ule mbele yako na aandike kwamba nyumba ile haina kosa. Kama sheria ni kuandika mwenye maji, andika jina lako mwenyewe; mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, lakini mkono wako umezoea. Huenda baiskeli itakwenda. Buti pia. Huenda hata kazi, sitakudanganya, ingawa mtu anayejua mbu kama wewe hapatikani kila mahali, na mzee Kipsang si mtoto. Bwana Meneja akirudi mpe samaki wake akiwa hai, na umwambie kwamba kwenu ni vilimani.

Vyungu vya Bonareri havirudi. Kile cha mama yake hakuna duka linalouza. Hata hivyo utakwenda mpaka Kisii, wewe mwenyewe, usitume mtu, utafute kwa mafundi wa kule viwili vizuri na uvibebe kichwani kurudi, kama ulivyolibeba tangi. Njiani utakuwa na muda wa kufikiri.

Kuhusu mke wako. Umeniuliza maneno ya kumnyamazisha. Sina. Katika barua yako nzima, yeye ndiye peke yake aliyepeleka uji. Ukiwahi kufanya niliyosema, Jumapili hatakuwa na ushuhuda wa kutoa. Atakaa kwenye benchi kama wengine na wewe utasimama.

Jambo la mwisho. Uliniomba nifiche jina lako na la mke wako, nami nimeyaficha. La Bonareri hukuniomba. Umeliandika mara kwa mara bila wasiwasi, na la mtoto wake pia, kama ulivyozoea kuliandika kwenye daftari. Nilitaka kulifuta, kisha nikaliacha makusudi, kwa sababu safari hii linachapwa ili lisafishwe. Lakini samaki, ndugu yangu, nilikosa pa kumficha. Kwenye laini za chai zote za Kericho, nyumba iliyo na samaki mwekundu ndani ya bustani ya kioo ni moja tu, na nusu ya laini wamekwisha kumtupia chakula.

Gazeti hili linafika huko Jumamosi, kwa basi ya asubuhi. Sijui kama Bonareri anasoma, lakini majirani watamsomea. Ndiyo maana nakala ya jibu hili nimeitia posta mapema, kwa sanduku uliloandika nyuma ya bahasha, na utakuwa umeipata Jumatano. Kutoka Jumatano mpaka Jumamosi ni siku tatu. Wewe ndiye uliyenifundisha yai linafanya nini kwa siku tatu, kwa hiyo usiniulize kama zinatosha. Toka sasa hivi, mtoto yuko mlangoni.

Shangazi Elmina